Gita Nyuma ya Maporomoko

Zima stima za keja, weka iafoni, simu iwache mbali. Ngoma inaitwa 2112, na ni ya Rush, wasee watatu wa Toronto, Kanada: Geddy Lee kwa besi na sauti, Alex Lifeson kwa gita, Neil Peart kwa dramu. Ilitoka 1976. Iko na vipande 7, dakika 20 na ushee, inajaza upande mzima wa santuri. Na yote ni stori moja.

Mwaka ni 2112, na sayari zote zimeshikwa na makuhani wa Hekalu za Syrinx. Wao ndio wanaamua usome nini na uskize nini. Lee anawaimba kwa nduru kali, unaskia kabisa hawa ni watu hawabishwi.

Halafu kelele inakatika. Unaskia maji. Kuna jamaa amepata gita kwa pango, nyuma ya maporomoko, na hajawahi ona kitu kama hiyo. Lifeson haingii na solo. Anagusa nyuzi moja, imelegea. Anakaza, anagusa tena. Mdogo mdogo zinapatana, chord ya kwanza inatoka, ya pili inafuata, mpaka inakuwa ngoma kamili. Mara ya kwanza kuskia hapo nilirudisha nyuma mara tatu, juu hivyo ndivyo nilijifunza, na gita ya kuomba, vidole zikichoma. Sijui ngoma ingine imeshika hiyo siku ya kwanza na gita hivyo.

Jamaa anapelekea makuhani gita akidhani watafurahi. Lee anaimba pande zote mbili: jamaa kwa sauti mororo, makuhani kwa nduru. Hata gita inabadilika, safi kwa huyu, chafu kwa hao. Hawataki. Gita inapondwa chini ya miguu.

Peart, mwenye aliandika maneno, alitoa wazo kwa mwandishi Ayn Rand na akamshukuru kwa albamu. Siasa za huyo mama hazinishiki hata kidogo. Lakini hasira yenye iko humu ni ya Rush wenyewe: albamu yao ya 1975, Caress of Steel, ilikuwa imekwama, na lebo ilitaka ngoma fupi za redio. Wakaamua kama ni kuzama, wazame na kazi yao. 2112 ikauza, na lebo ikawawachia.

Jamaa naye anarudi pangoni. Ameota watu wa kale, wenye walikuwa na muziki na waliondoka kitambo. Akiamka maisha ya makuhani hayamwingii tena, na anajitoa uhai.

Kipande ya mwisho ni vita tupu, dramu na gita zikikimbizana, halafu sauti inatangazia sayari zote kwamba utawala umechukuliwa. Wasee hubishana ni nani. Mimi naskia wale wa kale wamerudi nyumbani, na jamaa wa gita alishadedi, dakika chache tu kabla wafike.