MKATABA UKIISHA, NYOTA HUENDA WAPI?

Leo nimeshika kalamu ili tujadili jambo linalozua ubishi mkali kila msimu wa uhamisho, chini ya miti wakati wa chamcha na ndani ya matatu jioni. Utasikia mtu akipaza sauti, "Fulani mkataba wake umeisha! Sasa yuko huru! Ataenda wapi?" Mmoja atasema ataenda penye pesa. Mwingine atasema atarudi nyumbani. Wa tatu, ambaye hata gazeti hajasoma, ataapa kwamba mambo tayari yamekamilika.

Wengi wetu hudhani kuwa mchezaji akishakuwa huru, dunia nzima ni yake, achague klabu kama mtu achaguavyo maembe sokoni. Ndugu zangu, mambo sivyo yalivyo. Kuwa huru ni kitu kimoja na kuwa na soko ni kitu kingine. Nitaeleza kwa mifano ya kweli, nami naomba mnisikilize hadi mwisho, maana jambo hili linatuhusu hata sisi tulio na miaka kumi na sita.

MCHEZAJI HURU NI NANI?

Mchezaji wa kulipwa hufungwa na klabu yake kwa mkataba. Mkataba ukiwa bado una nguvu, klabu nyingine ikimtaka sharti iilipe ile ya kwanza ada ya uhamisho. Kwa mfano, Southampton ilipomtwaa Victor Wanyama kutoka Celtic mwaka 2013, iliilipa Celtic takriban pauni milioni 12.5. Lakini mkataba ukiisha, ada hiyo huisha pia. Mchezaji huenda anakotaka, na klabu yake ya zamani hubaki ikimwangalia tu. Tena sheria za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiwa na miezi sita au chini ya hapo kutia sahihi mkataba wa klabu nyingine mapema.

Kwa sisi wa Embu na Meru, mfano uko shambani. Mkulima mdogo wa kahawa kule Manyatta au Runyenjes huchuma matunda yake na kuyapeleka katika kiwanda cha chama chake cha ushirika. Hawezi kuamka asubuhi akamwuzia mpita njia. Huyo ni kama mchezaji aliye katika mkataba. Naye mkulima wa miraa kule Igembe hufunga bunda lake, akasimama kando ya barabara Maua, na kumpa yule atakayemwahidi bei nzuri. Huyo ndiye mchezaji huru.

Je, mkulima wa miraa hana shida kwa kuwa yuko huru? Sisemi hapa kama miraa ni nzuri au ni mbaya, hilo ni la mdahalo mwingine. Nasema tu kwamba Uingereza ilipoipiga marufuku mwezi wa Juni 2014, mkulima alibaki huru vilevile, lakini mlango mmoja mkubwa wa soko ulifungwa. Somalia nayo ilifunga wake mwaka 2020, ukafunguliwa tena mwaka 2022. Uhuru alikuwa nao siku zote. Soko ndilo lililokwenda na kurudi. Shikeni mfano huo, tutauhitaji.

MTUPAJI ALIYETOKA SHAMBANI

Kisa cha kwanza kinatoka mbali, Marekani, katika mchezo wa besiboli. Mchezo huu ni kama kaka mkubwa wa ile raunda inayochezwa katika shule za msingi. Mtu muhimu kupita wote ni mtupaji, yule anayerusha mpira kwa kasi ili mwenye gongo ashindwe kuupiga. Msidhani ni mchezo wa Wamarekani peke yao. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, na mwaka 2023 mtupaji mwingine wa Uganda, David Matoma, akasajiliwa na Pittsburgh Pirates.

Zamani klabu za besiboli ziliwamiliki wachezaji kama mtu amilikivyo ng'ombe. Mkataba ulikuwa na kifungu kilichoiruhusu klabu kuurefusha mwaka baada ya mwaka, hata mchezaji akitaka kwenda kwingine. Kisha akaja Jim Hunter, mwana wa mkulima kutoka mji mdogo wa Hertford, North Carolina, aliyepewa jina la utani Catfish, yaani kambare. Alikuwa mtupaji wa Oakland Athletics, timu iliyotwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974. Mshahara wake ulikuwa dola 100,000 kwa mwaka, na nusu yake, dola 50,000, ilipaswa kuwekwa katika bima kwa ajili ya maisha yake ya baadaye. Mwenye klabu, Charles Finley, hakuiweka. Hunter akashtaki, na Desemba 1974 msuluhishi Peter Seitz akaamua kwamba klabu imevunja mkataba, kwa hivyo mchezaji yuko huru.

Lo! Wakubwa wa klabu wakafunga safari kwenda huko mashambani kumbembeleza mtoto wa mkulima. Kila mtu akauliza swali lile lile letu, ataenda wapi? Mkesha wa mwaka mpya akatia sahihi na New York Yankees, mkataba wa miaka mitano wa zaidi ya dola milioni 3. Cha ajabu ni kwamba kulikuwa na klabu iliyokuwa tayari kumpa zaidi ya hapo. Mbona basi akaenda Yankees? Mtu aliyetumwa na Yankees kuzungumza naye alikuwa Clyde Kluttz, yule yule aliyemsajili zamani alipokuwa kijana asiyejulikana. Hunter alimwamini. Pesa zilikuwepo, lakini uaminifu ndio uliopima mizani.

Mwaka uliofuata, Desemba 1975, watupaji wengine wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, walipinga kile kifungu chenyewe, na Seitz huyo huyo akawapa ushindi. Tangu hapo mambo yalibadilika. Siku hizi mchezaji wa ligi kuu ya besiboli huwa huru baada ya kuitumikia ligi miaka sita.

BOSMAN ALIYEWAFUNGULIA WENZAKE

Katika kandanda aliyevunja minyororo ni Jean-Marc Bosman wa Ubelgiji. Mkataba wake na RFC Liège uliisha mwaka 1990, akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa. Liège ilikuwa imetaka kumpunguzia mshahara, nayo ikadai ada, ingawa mkataba ulikuwa umekwisha. Akaenda mahakamani. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mkataba ukiisha, mchezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya yuko huru kwenda klabu nyingine ndani ya umoja huo bila ada.

Leo nyota wengi wanatajirika kwa hukumu hiyo. Na Bosman mwenyewe? Kesi ilimla miaka mitano ya ujana wake wa mpira, na hakupata klabu kubwa wala utajiri. Alipata uhuru, akakosa soko. Aliupanda mti, wengine wakala matunda.

WAKENYA NA MILANGO YAO

Sasa turudi kwetu. Mchezaji anapotafuta klabu, kuna milango kadhaa ya kupitia, na pesa ni mmoja tu.

Mlango wa kwanza ni kibali cha kazi. Januari 2010 McDonald Mariga alikuwa akichezea Parma ya Italia, na Manchester City ilimtaka. Bei ilikubaliwa. Lakini Uingereza ilidai nchi ya mchezaji iwe miongoni mwa 70 bora katika orodha ya FIFA, na Kenya haikuwamo. Kibali kikakataliwa. Mariga hakuwa huru wakati huo, lakini hata angekuwa huru mlango ungekuwa umefungwa vilevile. Akaishia Inter Milan, na mwezi wa Mei mwaka huo huo Inter ikanyakua Ligi ya Mabingwa. Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mlango wa pili ni umri na mwili. Wanyama aliondoka Tottenham mwaka 2020 akaenda Montreal nchini Kanada, ambako kocha alikuwa Thierry Henry. Mwisho wa mwaka 2024 mkataba wake huko ukaisha. Hapo ubishi ulikuwa mkali kwelikweli! Nyota aliyewahi kuifungia Celtic bao dhidi ya Barcelona mwaka 2012 alikuwa huru kabisa, bila ada hata ndururu. Mbona basi klabu hazikupiga foleni? Kwa sababu alikuwa na miaka 33, na miguu ya kiungo mkabaji huchoka mapema. Miezi ikapita. Machi 2025 akasajiliwa na Dunfermline Athletic, klabu ya daraja la pili Uskoti, kwa muda mfupi hadi mwisho wa msimu. Na kocha wa Dunfermline alikuwa nani? Neil Lennon, aliyekuwa kocha wake Celtic. Mnaona? Ni kisa cha Hunter na Kluttz tena. Milango ilipopungua, aliyebaki wazi ni yule anayekujua.

Mlango wa tatu ni mahali unapothaminiwa. Michael Olunga alitoka Gor Mahia akapita Sweden, Uchina na Hispania, kisha Japani, ambako mwaka 2020 alifunga mabao 28 akiwa na Kashiwa Reysol na kutajwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 2021 akaenda Al-Duhail ya Qatar. Alipoachana nayo mwaka 2025, wapo waliotabiri Ulaya na wapo waliotabiri Afrika Kusini. Yeye akahamia Al-Arabi, papo hapo Doha. Huko wanamjua na mabao yake wameyahesabu. Mcheza kwao hutunzwa, na kwao mchezaji ni pale anapothaminiwa.

UHURU WA NJAA

Kuna aina nyingine ya uhuru ambayo hatuipigii makofi. Katika ligi yetu ya Kenya, wachezaji wengi hawawi huru kwa sababu mkataba umeisha, bali kwa sababu mshahara haukuja. Kampuni ya SportPesa ilipojiondoa mwaka 2019, Gor Mahia na AFC Leopards zilibaki bila mfadhili mkuu, na mwaka huo huo Sony Sugar ikaondolewa ligini baada ya kushindwa kufika mechi tatu.

Sheria ya FIFA, tangu mwaka 2018, inasema hivi: klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji aiandikie na kuipa siku 15. Isipolipa, ana haki ya kuvunja mkataba na kuondoka. Ni kama kesi ya Hunter. Tofauti ni kwamba Hunter alipotoka alikuta wakubwa wamepanga foleni mlangoni. Huyu wetu akitoka hukuta barabara tupu, nauli hana, na kodi ya nyumba inamngoja.

SISI NA KALAMU ZETU

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu huku kwetu vipaji viko. Uwanja wa Kinoru uliteuliwa kwa mashindano ya CHAN ya 2018, ingawa hatimaye yalipelekwa Morocco, na Embu ina Uwanja wa Moi. Wasaka vipaji wanakuja. Kijana mmoja ninayemfahamu, jina nalihifadhi, alitia sahihi karatasi juu ya boneti ya gari baada ya mechi. Hakuisoma na hakupewa nakala. Misimu miwili alikalia benchi. Timu nyingine ilipomtaka, wale wa kwanza wakadai bado ni wao, naye hakuweza hata kusema mkataba unaisha lini. Wakati huo alikuwa ameshaacha shule. Huyo hakuwa mchezaji huru wala mchezaji aliyefungwa vizuri. Alikuwa katikati, kama popo.

Basi, mwenzangu, ukiletewa karatasi, uliza mambo haya manne kabla hujatoa kalamu. Mkataba unaanza lini na unaisha lini? Kwa aliye chini ya miaka 18, FIFA hairuhusu uzidi miaka mitatu. Mshahara ni kiasi gani, unalipwa tarehe ngapi, na nikiumia nani atalipa hospitali? Nakala yangu iko wapi, na mzazi wangu ameisoma? La nne, masomo yangu yataendeleaje? Olunga aliichezea Gor Mahia huku akisomea uhandisi chuo kikuu. Goti linaweza kuvunjika Jumamosi moja tu, lakini cheti hakina goti.

Tena msisahau Kluttz na Lennon. Watu wanaokuona leo ukiwa hujulikani, mwalimu wa michezo, kocha wa mtaani, mwenzako wa timu, ndio huenda wakakufungulia mlango siku milango mingine itakapofungwa. Usiwatukane ukipata jezi mpya.

Kwa hivyo mtu akikuuliza tena, "Fulani yuko huru, ataenda wapi?", usikimbilie kutaja klabu. Mwulize kwanza: ana miaka mingapi, nani atampa kibali, na ni nani huko anayemjua? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuonyesha njia.

Kalamu yangu inakauka wino na kengele ya somo inakaribia kulia. Alamsiki!