Kihesabu hatua chenye king'ora: kipi kitangulie?

Kipo kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni chenye kazi mbili: kinahesabu hatua za anayetembea, na ukichomoa pini yake kinapiga king'ora cha kuomba msaada. Wauzaji hukisifia kwa hesabu, yaani kilomita, kalori na kumbukumbu ya wiki nzima. Wameanzia mkiani. Mnunuzi akipime kwanza kwa king'ora, kwa sababu hesabu ya hatua huvumilia makosa, king'ora hakivumilii.

Tuanze na hesabu. Lile lengo maarufu la hatua 10,000 kwa siku halikutoka hospitalini. Lilienea kutokana na kihesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kikiwa na idadi hiyo kwenye jina lake. Utafiti wa I-Min Lee na wenzake uliotolewa mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake 16,741 nchini Marekani, wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko waliotembea kama 2,700, na nafuu iliendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Ni kweli kwamba utafiti wa namna hii hauthibitishi kuwa ni hatua zenyewe zilizorefusha maisha. Huenda wenye afya njema ndio wanaotembea zaidi. Hata hivyo, kwa lengo pana kiasi hicho, kifaa kikiruka hatua 200 hakijamdhuru mtu. Faida yake kubwa ni kumchochea anayekivaa: uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa waliovaa vihesabu hatua waliongeza takriban hatua 2,500 kwa siku.

King'ora ni habari nyingine. Kwenye pakiti utasoma desibeli 120, lakini uliza zimepimwa umbali gani. Mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kifaa kilichopimwa sentimita 10 kutoka kwenye tundu la sauti kitabaki na desibeli 100 mita moja mbele, na 80 mita kumi mbele, ambazo kando ya barabara ya daladala zinamezwa kirahisi. Kifunike kwa shati, sauti inafifia zaidi. Hapo ndipo kazi hizi mbili zinapogombana: vihesabu hatua vya zamani, vyenye kijiti na springi ndani, vilitaka kukaa wima kwenye mkanda, wakati king'ora kinataka kuwa mkononi. Vyenye kihisi cha kielektroniki cha mwendo havichagui sana mkao, basi nunua cha aina hiyo, ukishike, na kamba ya pini uifunge kwenye kifundo cha mkono. Kibaka akikikwapua, pini inabaki kwako na kelele anaondoka nayo yeye.

Betri nayo hudanganya. Kioo kinachoonyesha namba hutumia umeme kidogo mno, king'ora kinahitaji mwingi kwa mkupuo mmoja. Betri iliyochoka inaweza kuendelea kuonyesha hatua zako kwa wiki kadhaa huku king'ora kikitoa mlio wa mbu. Kijaribu kila mwezi, kwa sekunde moja tu, mbali na masikio.

Wapo watakaosema simu inafanya yote hayo. Inafanya, ila simu ndiyo kibaka anayoitaka, na kuitoa mfukoni alfajiri ni kumtangazia. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mlio haumzuii mtu mwenye silaha. Nakubali: mwenye panga apewe anachotaka, na king'ora kisubiri hadi aondoke. Kwenye njia isiyo na nyumba wala watu hakuna wa kukisikia, kwa hiyo kifaa hiki hakihalalishi njia hiyo. Tena miji yetu imezoea milio ya magari yanayojililia yenyewe, na hakuna anayegeuka. Yowe la binadamu bado linawatoa watu nje. Anayechomoa pini apige na yowe, aseme yuko wapi na ana shida gani. Ikiwa kibaka ameshaponyoka, aliyeibiwa asiite "mwizi" ovyo, maana umati ukishakusanyika haumwulizi mtu jina kabla ya kumpiga.