Stergomena Tax

Stergomena Lawrence Tax (alizaliwa 1960) ni mtumishi wa umma na mwanasiasa wa Tanzania. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani.

Alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Ushirikiano wa Afrika Mashariki, kisha Katibu Mtendaji wa SADC huko Gaborone (2013–2021), mwanamke wa kwanza katika cheo hicho. Mwaka 2021 nchi wanachama ziliamua kupeleka askari Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana na Tanzania, kupambana na wanamgambo.

Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alimteua kuwa Waziri wa Ulinzi, mwanamke wa kwanza nchini kuongoza wizara hiyo. Oktoba 2022 alihamishiwa Mambo ya Nje, akarudi Ulinzi kuanzia 2023 hadi 2025.