Maji ya Kisima na Ngozi Zetu
Sisi wapangaji wa Mombasa twayajua maji ya visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe: sabuni haitoi povu, na mikono inayotawadha mara tano kwa siku hukauka ikapasuka. Madini ya chokaa yaliyomo hushikana na sabuni, yakawa utando unaoganda mwilini. Wengi wetu huongeza sabuni, na ndipo huwashwa zaidi, afadhali kuipunguza. Kisima ni cha mwenye nyumba, hatuwezi kukibadili. Lakini kopo moja la maji matamu ya mkokoteni, au ya mvua ya masika, latosha kumsuuzia mtoto mwisho wa kuoga. Kisha apakwe mafuta ya nazi, ngozi ingali na unyevu. Kuchemsha hupunguza chokaa, chumvi hakuiondoi. Ngozi ikitoka maji au damu, twende kwa daktari.