Jodari Asiyefika Majengo

Ukizunguka Soko la Majengo jijini Dodoma utakuta perege wa Bwawa la Mtera, sato na sangara wa Mwanza waliosafiri juu ya barafu, na dagaa wa magunia. Jodari ni wa kubahatisha. Na sheria inayomhusu ilipitishwa jijini humu humu: mwaka 2020 Bunge lilitunga Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi wa Bahari Kuu, kwa ajili ya maji yetu yanayofika maili 200 za baharini.

Huko bahari kuu wavunaji wakubwa ni meli za kigeni zenye leseni. Baadhi hutega vyelezo, samaki wakajikusanya chini yake, kisha nyavu huzungushwa na kundi zima kupandishwa, wachanga kwa wakubwa. Mwaka 2016 Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ilibidi ianzishe mpango wa kumnusuru jodari wa mapezi ya njano. Nyangumi alipitia njia hiyo hiyo: bahari hii ilitangazwa hifadhi yake mwaka 1979, meli za viwanda zikiwa zimekwisha kumfyeka.

Wengi tunaikumbuka meli ya kigeni Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 kwa madai ya kuvua kwetu bila leseni, ikiwa na karibu tani 300 za samaki. Waligawiwa taasisi za umma, wananchi wakawaita “samaki wa Magufuli”, waziri wa uvuvi wa wakati huo. Furaha ilikuwa kubwa, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilibatilisha hukumu dhidi ya waliotiwa hatiani. Kukamata meli moja hakukutupa sekta ya uvuvi.

Fedha ya jodari iko pale anaposhushwa. Meli ikivua kwetu ikaenda kushusha Victoria, Shelisheli, sisi tunabaki na ada ya leseni. Wenzetu wanapata kiwanda cha makopo, barafu, mafuta, vibarua wa gatini, na mizani. Bila mizani yetu, kiasi kilichovuliwa tunaambiwa na mvuvi mwenyewe. Ndiyo maana naitazama kwa hamu bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023.

Jiji linakua, na Mtera haliwezi kulilisha peke yake: mvua zikikosekana bwawa hunywea, na kokoro huwamaliza perege kabla hawajazaa. Bajeti ya uvuvi itakaposomwa tena hapa Dodoma, wabunge wasiishie kuuliza leseni ngapi zimeuzwa. Waulize ni tani ngapi zimeshushwa na kupimwa Tanzania.