Mkono Unauma Kwa Sababu ya Kazi? Usiende kwa Bosi Peke Yako

Ukikatwa na mashine kazini, kila mtu anaona damu. Gari linatafutwa, na tarehe inakumbukwa. Lakini mkono ulioumia polepole hauna damu wala tarehe. Keshia wa supamaketi, kijana anayeingiza data kwenye kompyuta ofisi za Moi Avenue, fundi aliyeajiriwa kushona Biashara Street: wote wanarudia mwendo uleule kutwa nzima. Halafu siku moja vidole vinachomachoma. Usiku unaamka kukung'uta mkono uliokufa ganzi. Mwishowe kikombe cha chai kinakuponyoka.

Hilo ni jeraha, si uvivu. Huenda mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, au kano zimevimba kwa kutopumzishwa. Sisi hufanya nini? Tunakandwa kwa mafuta ya nazi nyumbani, kesho tuko kazini. Miezi ikipita bosi anasema, "Siku hizi wewe mzito." Hapo si mkono tena, ni mkate wako.

Sheria inasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri arekebishe mahali pa kazi, vifaa na kazi yenyewe vimfae mfanyakazi. Palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, lazima kuwe na kamati ya usalama. Halafu kuna WIBA, sheria ya fidia ya 2007, ambayo inahesabu pia magonjwa yanayotokana na kazi. Mwajiri akishaarifiwa, ana siku saba za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa ile fomu ya DOSH/WIBA 1.

Tatizo ni ushahidi. Hapo ndipo chama kinapoingia.

Jirani yangu wa Kibokoni ni keshia. Alipoanza kulalamika mkono, meneja alimwambia huenda ni kwa kufua nguo nyumbani. Mwakilishi wao wa chama akamwambia, "Dada, andika barua leo. Taja ulianza kuhisi lini, unafanya kazi gani, saa ngapi. Weka nakala." Kisha wakaenda pamoja ofisini. Daktari aliambiwa wazi ni kazi gani anafanya, akaiandika kwenye ripoti. Sasa anabadilishana zamu kati ya kaunta na rafu, na kazi yake bado anayo. Hakupata mamilioni, lakini ule mkono wa kulia ndio unaolipa kodi ya nyumba.

Na kama bosi anataka kukuachisha kwa sababu mwili hauwezi tena? Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinasema lazima akueleze sababu kwanza, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kuwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama akisikiliza. Usikubali kuitwa ofisini peke yako ukasaini karatasi.

Usidhani kuna njia ya mkato ya mahakama za ng'ambo. Wachuma chai wa Kericho waliishtaki kampuni ya James Finlay (Kenya) kule Scotland, wakidai kazi imewaumiza migongo. Mwaka 2023 majaji wa rufaa waliisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza WIBA hapa Kenya. Kwa hivyo mlango ni uleule wa nyumbani, na wa kuingia nao ni chama chako: KUCFAW kwa wa madukani, KUDHEIHA kwa wa hotelini, Dock Workers Union kwa wa bandarini. Kipengele cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya kujiunga.

Tuseme ukweli pia. Kama unajiajiri, unashona chumbani kwako au unapiga kazi za mtandaoni bila mkataba wa ajira, WIBA haikushiki. Wenzetu wengi wa Mji wa Kale wako hapo. Kwao bado kuna pengo, na litazibwa wakijipanga, si kila mtu akikanda mkono wake kivyake.

Kujipanga si jambo geni kisiwani. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi waligoma Mombasa, bandarini, kwenye reli na hotelini, wakaunda African Workers Federation iliyoongozwa na Chege Kibachia. Hawakuwa na WIBA wala Katiba ya 2010. Wewe unazo.

Kwa hivyo mkono ukianza kuchomachoma, fanya matatu wiki hiyohiyo: andika tarehe, nenda kwa daktari umweleze kazi yako, na mtafute mwakilishi wa chama. Hamna chama kazini? Waulize wenzako wangapi mikono yao inakufa ganzi usiku. Utashangaa watakavyojibu.