Mtoto Aliyeitwa Mjinga

Wazazi wapenzi, nani kati yetu hajapata kumtolea mtoto wake neno kali jioni, daftari la shule likiwa wazi juu ya meza? "Kichwa chako ni jiwe! Hutajua kitu maisha yako!" Neno hilo hutoka upesi, nasi twalisahau kabla ugali haujaiva. Mtoto halisahau. Huenda nalo kitandani, na kesho huenda nalo shuleni.

Leo tutasimulia habari za mtu aliyeambiwa maneno kama hayo, na jinsi yalivyokaribia kumpoteza. Jina lake ni Adam Clarke. Alikuwa mhubiri wa Wamethodisti, ambao wamisionari wao walianza kazi Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Hakuwa wa Kanisa letu, na katika mambo mengi ya imani hakukubaliana nasi. Lakini njia aliyoipita kutafuta elimu inafaa kujulikana katika kila nyumba yenye watoto.

Alizaliwa Moybeg, kijiji kidogo cha kaskazini ya Ayalandi. Hata yeye mwenyewe hakujua kwa hakika kama ulikuwa mwaka 1760 au 1762. Baba yake alikuwa mwalimu, lakini kazi hiyo haikutosha kulisha nyumba, ikawabidi kulima pia. Basi Adam na ndugu yake walifanya zamu. Mmoja akienda darasani, mwenzake hubaki shambani. Jioni aliyesoma humfundisha aliyelima. Wasomaji wengi wa gazeti hili wanaujua mpango wa namna hiyo, maana jembe na kalamu vimegombania watoto wetu pia.

Adam alikuwa mwenye nguvu, hakuogopa baridi wala kazi. Lakini kusoma kulimshinda kabisa. Herufi zilikataa kuingia, na watu wakamhesabu kuwa mjinga. Siku moja mwalimu wa mahali jirani alizuru shule, akataka kuwasikia watoto wakisoma. Zamu ya Adam ilipofika, mwalimu msaidizi aliona haya, akamwomba mgeni radhi mapema, akieleza kwamba huyo ni mzito sana wa akili. Mgeni hakucheka. Alimwekea mtoto mkono kichwani, akasema asihofiwe, kwani huyu naye atakuwa msomi mzuri. Adam alipokuwa mzee bado alilikumbuka neno lile. Ndilo lililomtia tumaini la kwanza.

Hata hivyo mambo hayakugeuka siku ile ile. Alipoanzishwa Kilatini, sarufi yake ilimshinda tena. Mwalimu akamkaripia kwamba asipojifunza ataishi na kufa ombaomba. Akarudi kitini machozi yakimlengalenga, na mwanafunzi mwenzake akamdhihaki kwa sababu wengine walikwisha mwacha nyuma. Hapo alisikia kana kwamba kitu kimekatika ndani yake. Akashika kitabu, akalijua somo lile, na lililofuata, na lililofuata tena. Tangu siku hiyo yeye na ndugu yake waliweka akiba ya vipeni vyao kununua vitabu vidogo.

Ujanani aliwasikia wahubiri wa Kimethodisti, akaufuata uongozi wao. Wazazi wake walimpeleka kwa mfanyabiashara wa vitambaa vya kitani katika mji wa Coleraine, lakini duka halikumkalia moyoni. Mwaka 1782 John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alimwita Uingereza, aingie shule yake ya Kingswood karibu na mji wa Bristol. Kijana alifika kwa matumaini makubwa. Kumbe hakupokewa vema: alitengwa na wenzake, akatendewa kama mtu asiyetakiwa.

Akiwa pale alipewa kazi ya bustani. Alipokuwa akilima, jembe lilifukua sarafu ya dhahabu, nusu gini, yaani shilingi 10 na peni 6 za Kiingereza. Kwa kijana asiye na kitu hiyo ilikuwa mali. Hakuificha. Alikwenda kuuliza nani ameipoteza, na mwishowe ikabaki mikononi mwake. Je, aliifanyia nini? Hakununua koti wala viatu. Alinunua sarufi ya Kiebrania, ili aanze kusoma Agano la Kale katika lugha ya asili. Hivyo ndivyo ulivyoanza usomi wake wa Maandiko, kwa jembe na sarafu iliyotoka udongoni.

Hakukaa Kingswood ila majuma machache. Wesley alimwekea mikono kichwani, akamwombea, akamtuma kuhubiri. Akawa mtu wa njiani, akizunguka toka kijiji hadi kijiji kwa miguu au juu ya farasi, na mara nyingine kitabu kikiwa wazi mbele yake hata juu ya tandiko.

Hapo ndipo neno baya lilipomfikia mara ya pili. Katika chumba walimolala wahubiri, Adam aliandika ukutani maneno machache ya Kilatini. Mhubiri mwingine aliyefuata akayaona, akaandika chini yake lawama kali, kwamba ameandika kwa majivuno tu, ili watu wajue kuwa anajua Kilatini. Adam aliposoma aliona haya kupita kiasi. Akapiga magoti mahali pale pale, akaapa mbele ya Mungu kwamba hatagusa tena Kilatini wala Kigiriki. Akaishika ahadi hiyo kwa muda wa miaka kama minne. Tazameni! Umaskini haukuweza kumnyang'anya vitabu, wala kazi ya shamba, wala ugumu wa masomo. Mstari mmoja wa mwenzake uliweza.

Baadaye alifikiri vizuri. Alikumbuka kwamba Wesley mwenyewe alimwasa asiache yale aliyokwisha jifunza. Akatambua kuwa majivuno ni dhambi lakini elimu si dhambi, na kwamba ameapa kwa haraka. Akaomba msamaha, akaanza upya. Alikuwa ametumwa visiwa vya Jersey na Guernsey, kati ya Uingereza na Ufaransa. Huko aliletewa zawadi ya paundi 10, na kwa fedha hiyo akanunua Biblia kubwa yenye lugha nyingi za kale zilizopangwa pamoja. Akajifunza Kiaramu cha Kisiria, Kiarabu na Kiajemi, kidogo kidogo, alfajiri kabla ya kazi. Bandu bandu huisha gogo.

Kazi yake kubwa ilikuwa maelezo ya Biblia yote, kitabu baada ya kitabu, yaliyotolewa kati ya mwaka 1810 na 1826 katika mabuku 8. Aliiandika peke yake, bila karani wa kumsaidia. Mwaka 1808 Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland, kilimpa heshima ya udaktari wa sheria. Wamethodisti walimchagua mara tatu kuwa mkuu wa mkutano wao, mwaka 1806, 1814 na 1822.

Lakini tusiseme kwamba hakukosea. Mtu ajifunzaye peke yake hana mwenzake wa kumshika mkono anapopotea njia. Clarke aliandika kwamba nyoka aliyemdanganya Eva pengine hakuwa nyoka, bali mnyama wa jamii ya nyani, na wengi walimcheka. Jambo zito zaidi ni mawazo yake juu ya umilele wa Mwana wa Mungu, ambayo hata wahubiri wenzake waliyapinga. Elimu ni bahari, na baharini hata nahodha hodari huhitaji wenzake chomboni.

Karibu na mwisho wa maisha yake alirudi moyoni kule alikotoka. Mwaka 1831 alianzisha shule za watoto maskini kaskazini ya Ayalandi, katika nchi ile ile alikoitwa mjinga. Mwaka uliofuata kipindupindu kiliingia London, naye akafariki kwa ugonjwa huo tarehe 26 Agosti 1832. Alizikwa karibu na kaburi la Wesley.

Je, yule mgeni aliyemwekea mkono kichwani alijua ametenda nini? Yamkini alirudi kwake, akala chakula chake, akasahau. Neno lake halikumgharimu hata senti, lakini mtoto alilichukua miaka yote.

Basi wazazi, na ninyi walimu, jioni hii mtoto wenu atakapokwama katika hesabu zake, zuieni ulimi kidogo. Msimdanganye kwamba anajua asilolijua, na fimbo ya maneno iwekeni chini. Mwambieni kwamba ataweza, kisha kaeni naye mpaka aweze. Akishinda leo somo moja, kesho litafuata jingine.